Ukipanda viazi kwenye gunia, jua lisivione

MAMA mmoja mkazi wa Nairobi aliniletea wanawe wawili asubuhi moja, wote wakitapika, wakihara na kulia kwamba tumbo linawauma. Nilidhani ni maji machafu. Nilipomuuliza walikula nini usiku, alinijibu kwa fahari kwamba walikula viazi alivyovuna mwenyewe kutoka kwenye gunia lililo nje ya mlango wake. Viazi vilivyosalia vilipoletwa, vingi vilikuwa na maganda ya kijani.

Watoto hao walipata nafuu baada ya siku mbili. Mama aliapa kwamba hatapanda viazi tena. Nilimsihi asiache, kwani kosa lake lilikuwa moja tu, nalo ni rahisi kurekebisha.

Kiazi hugeuka kuwa kijani kinapopigwa na mwangaza. Rangi hiyo yenyewe haina madhara, lakini ni ishara kwamba huenda sumu iitwayo solanini imeongezeka. Kuchemsha hakuiondoi. Mtu aliyeila huumwa na tumbo, hutapika, huhara na kuumwa na kichwa, aghalabu saa kadhaa baada ya mlo. Mnamo mwaka wa 1969, wavulana 78 wa shule moja jijini London waliugua baada ya kula viazi vilivyokuwa vimesahaulika ghalani tangu muhula uliotangulia. Kati yao, 17 walilazwa hospitalini.

Kupanda

Viazi hupenda baridi. Mkazi wa Nairobi, Nakuru au Eldoret anaweza kuvipanda bila shida. Kule Mombasa, joto la udongo huufanya mmea utoe majani mengi na viazi vichache mno, kwa hivyo ni heri kupanda viazi vitamu.

Tafuta mbegu zilizoidhinishwa, maana viazi vya sokoni huenda vikaleta ugonjwa wa mnyauko. Shangi ni aina inayomfaa anayeanza, kwani hukomaa kwa muda wa miezi mitatu hivi. Chagua mbegu zenye ukubwa wa yai la kuku, uziache mpaka zichipuke. Zikibaki, usizipike. Mbegu hukaa kwenye mwangaza, na huenda pia zimetiwa dawa.

Chukua gunia, ulitoboe chini ili maji yasituame, na uliweke mahali panapopata jua kwa saa sita au zaidi kila siku. Changanya udongo na samadi iliyooza kabisa. Samadi mbichi huleta minyoo na viini vya kuharisha. Vilevile, usinyweshe kwa maji ya mtaro. Vaa viatu na glavu, kwa kuwa viini vya pepopunda huishi katika udongo na samadi.

Kunja mdomo wa gunia, utie udongo kiasi cha sentimita 20, kisha upange mbegu tatu, machipukizi yakitazama juu. Zifunike kwa sentimita 10 za udongo. Nyunyizia maji ya kutosha, lakini usigeuze udongo kuwa tope.

Kufunika

Hapa ndipo yule mama alipokosea. Mashina yanapofikia urefu wa sentimita 20 hivi, ongeza udongo hadi majani ya juu pekee yabaki nje. Rudia kila yanaporefuka, huku ukikunjua gunia, mpaka lijae. Viazi huota juu ya mbegu, si chini yake, na visipofunikwa hutokeza nje na kuchomwa na jua. Kagua gunia kila wiki, hasa baada ya mvua kubwa kuosha udongo. Ukiona kiazi kinachungulia, kifunike siku hiyo hiyo.

Kuvuna na kuhifadhi

Majani yakishakuwa ya manjano na kukauka, yakate, kisha usubiri wiki mbili ili maganda yakomae. Baada ya kuvuna, weka viazi katika kikapu au gunia la katani, mahali penye giza, pakavu na penye hewa. Usiviache karibu na dirisha la jikoni wala kwenye mfuko wa plastiki unaopenya mwangaza.

Kabla ya kupika, ondoa macho na machipukizi yote. Kiazi chenye doa dogo la kijani, likate kwa kina. Kilichogeuka kijani sehemu kubwa, au chenye ladha chungu, kitupe. Usimpe mtoto, kwani mwili wake mdogo huzidiwa na sumu upesi. Mtu akitapika au kuhara baada ya kula viazi vya namna hiyo, mpe maji mara kwa mara, kidogo kidogo, na umfikishe hospitalini akizidi kulegea.

Viazi ni chakula kizuri, na hupunguza gharama ya sokoni. Mama yule alipanda tena. Mara ya mwisho aliponitembelea hakuwa na mgonjwa, ila alikuwa na kikapu cha viazi. Nilivigeuza kimoja kimoja mbele yake, sikuona hata kimoja cha kijani.