Presha Inayoyumba

Shinikizo la damu halikai kwenye namba moja hata kwa mtu mwenye afya njema. Usiku hushuka, alfajiri hupanda, na ugomvi au mlima hulisukuma juu kwa muda. Vihisio vilivyomo kwenye mishipa ya shingo na kwenye mshipa mkuu utokao moyoni hulirekebisha papo kwa papo. Kwa mgonjwa wa presha mishipa hiyo imekakamaa na vihisio vimekuwa vizito, hivyo myumbo huwa mkubwa: daftari la kliniki linaweza kuonyesha 182/104 mwezi huu, 134/80 mwezi ujao, kisha 176/98.

Kutokana na namba kama hizo huzaliwa swali lisiloisha kwenye mabenchi ya kliniki za Musoma, Bunda na Butiama: hii ni presha ya kupanda au ya kushuka? Swali limekosewa tangu mwanzo. Linachukulia kwamba kuna magonjwa mawili yanayopokezana ndani ya mwili mmoja, na kwamba dawa ya ugonjwa mmoja ni sumu kwa mwingine. Mgonjwa aliyepimwa 134/80 huambiwa na majirani kuwa presha yake sasa ni ya kushuka. Huacha vidonge, na wengine hushauriwa kulamba chumvi. Hiyo 134/80 si ugonjwa mpya. Ni dawa inayofanya kazi, na ikiachwa namba hurudi juu. Presha iliyoshuka kweli, kwa kawaida chini ya 90/60 pamoja na kizunguzungu au kuzimia, ina chanzo chake: kuharisha, kutokwa damu, maambukizi makali, au dozi iliyozidi. Chanzo hicho hutafutwa na mganga wa zahanati au hospitali, si na jirani.

Imani hiyo ina pacha wake: kunywa dawa siku kichwa kinapouma tu. Shinikizo la juu kwa kawaida halina dalili, na kichwa huuma kwa sababu mia. Anayemeza vidonge siku tatu na kupumzika kumi anajitengenezea mwenyewe myumbo ule unaoharibu viungo. Mwaka 2011 imani kwamba dawa ya kila siku haihitajiki ilipata msafara: maelfu walikwenda Samunge, Loliondo, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, kunywa kikombe cha shilingi 500 kilichosemwa kutibu presha, kisukari na UKIMWI. Wapo walioacha vidonge vyao. Kikombe kimoja hakiwezi kutibu ugonjwa unaohitaji dawa kila siku, na hilo lingepaswa kusemwa kwa sauti kubwa zaidi wakati ule.

Madhara ya myumbo yamechunguzwa. Mwaka 1987 Gianfranco Parati na wenzake mjini Milan walipima shinikizo ndani ya mshipa kwa saa 24. Kati ya wagonjwa wenye wastani unaolingana, walioyumba zaidi ndio waliokuwa na viungo vilivyoharibika zaidi. Mwaka 2010 Peter Rothwell wa Oxford alionyesha kwamba tofauti kati ya kipimo cha ziara moja na nyingine hubashiri kiharusi, hata wastani ukizingatiwa. Wastani wa juu bado ndio adui mkuu, lakini mipando mikubwa ya ghafla inaweza kuumiza mishipa myembamba ya ubongo na kupenya hadi kwenye vichujio vya figo, na mishuko mikali inaweza kuviacha viungo hivyo na njaa ya damu. Misuli ya moyo hunenepa, na macho hufifia.

Yanayowezekana ni haya. Kati ya dawa za presha, amlodipini hukaa mwilini zaidi ya siku moja na hupunguza myumbo zaidi kuliko atenololi. Daktari aulizwe kuhusu kidonge cha mara moja kwa siku. Atenololi na propranololi zisikatishwe ghafla. Vidonge vinunuliwe kabla ya vya mwanzo kwisha. Diklofenaki, dawa ya maumivu kama ya mgongo, hupandisha shinikizo. Chumvi na magadi kwenye mboga vipunguzwe, na pombe pia. Kabla ya kupima, mtu aende haja ndogo, akae dakika tano akiwa ameegemea, mkono usawa wa moyo, bila kuongea. Apimwe mara mbili. Nyumbani, asubuhi na jioni kwa siku saba, wastani wa 135/85 au zaidi ni wa juu. Mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au maneno yakigoma, ni hospitali mara moja. Nifedipini ya haraka isiwekwe chini ya ulimi: huangusha shinikizo ghafla na kuunyima ubongo damu.