"Ten-Four" Umeisikia Kwa Muvi. Sasa Cheki Code Zenye Karao wa Marekani Hutumia Barabara Ikiharibika

Umecheki hizo muvi za Marekani, karao anashika redio ya gari, anasema "ten-four" alafu anachomoka na king'ora. Hiyo ni "nimekupata" tu, hakuna kitu deep hapo. Zenye ziko na story ni zile code za barabara.

Turudi nyuma kiasi. Mwisho wa miaka ya 1930, polisi wa jimbo la Illinois walikuwa na chaneli chache za redio na kila mtu anataka kuongea. Tena redio za enzi hizo, ukibonyeza kitufe, mashine ilichukua muda kidogo kuamka, so mwanzo wa sentensi ulikuwa unamezwa. Msee mmoja wa mawasiliano hapo, Charles Hopper, akakuja na form: kila code ianze na "ten". Hata hiyo "ten" ikimezwa, nambari yenyewe inafika.

Hizi hapa ni za trafiki, kutoka kwa orodha ya APCO, chama cha watu wa mawasiliano ya dharura huko:

10-49: taa za trafiki zimezima
10-50: ajali
10-51: gari la kuvuta linahitajika
10-53: barabara imefungwa
10-54: mifugo iko kwa barabara
10-58: ongoza magari

Yaani lori likianguka hailei, karao anasikia 10-53 na mahali, alafu 10-58. Nambari mbili tu na ashajua anaenda kusimama wapi kupitisha magari kando. Fiti, ama?

Shida ni hii: si kila mji ulifuata orodha moja. Karao wa New York akisikia 10-53, kwake hiyo ni ajali ya gari. 10-54, yenye kwingine ni ng'ombe kwa lami, kwake ni mgonjwa anayehitaji ambulensi. Sasa imagine vikosi kutoka miji tofauti wamekutana kwa janga moja, kila mtu na code zake. Mwaka wa 2006, baada ya mafuriko ya Katrina, serikali yao ikasema: mkifanya kazi pamoja na idara zingine, wekeni code kando, ongeeni lugha ya kawaida.

Na usiwacheke, juu hata sisi tuko na zetu. Ukiona matawi yamewekwa kwa lami, unajua kuna lori limekwama mbele. Hiyo kila dere anaelewa. Lakini dere akikupigia full lights? Mmoja anamaanisha "karao wako mbele", mwingine anasema "toka njia nipite". Ukikosea kusoma hiyo, ni kichwa kwa kichwa.

So siku utapata ajali na upige 999 ama 112, usiseme "buda, kuna noma hapa kwa stage". Stage gani? Sema barabara, upande magari yanaelekea, na kitu kubwa iko karibu, kama petrol station ama daraja. Sema ni watu wangapi wameumia, na kama njia imefungwa yote ama nusu. Na usikate simu mpaka mwenye ameshika arudie mahali uko.

Hiyo ndiyo code haiwezi kuchanganya mtu.