Maji ya Nyabugogo Yanapogeuka Mawimbi
Siku moja ya kushuka maporomoko ya Jinja kwa boti ya mpira

Jioni, mabasi ya Kampala yanapojipanga katika kituo cha Nyabugogo, abiria wachache sana hukumbuka kwamba kituo hicho kimepewa jina la mto. Mto wenyewe upo hapo karibu. Hutoka Ziwa Muhazi, hupokea maji ya korongo la Mpazi yanayoteremka kutoka mitaa ya juu ya mji, kisha chini ya Mlima Kigali hujimwaga katika Nyabarongo. Basi hufuata njia ya kaskazini kwenda Gatuna, yapata kilomita 80, na kuvuka mpaka wa Uganda. Maji hufuata njia ndefu zaidi: Nyabarongo huwa Akagera, Akagera huporomoka Rusumo katika mpaka wa Tanzania, na mwishowe huingia Ziwa Viktoria. Lakini njia zote mbili huweza kumfikisha msafiri mahali pamoja, nao ni mji wa Jinja, ambako Mto Nile hutoka ziwani na kuanza safari yake ya kwenda Misri.

Ni hapo Jinja ambapo tangu mwaka 1996 watu wamekuwa wakilipa fedha ili watupwe huku na huko na maji. Mchezo wenyewe ni mwepesi kuueleza. Watu sita au wanane huketi kwenye kingo za boti ya mpira iliyojazwa upepo, kila mmoja ameshika kafi, kiongozi amekaa nyuma, na boti huachwa ishuke mtoni kupitia maporomoko. Baina ya poromoko moja na jingine maji hutulia, watu wakapumzika, wakala nanasi, wakaoga. Huanza asubuhi na kumalizika alasiri.

Familia nyingi za askari na polisi wa Kigali zimesikia habari za mchezo huu kutoka kwa jamaa waliosoma au kufanya kazi Uganda, na swali la kwanza huwa ni kwa nini mtu asafiri mbali hivyo ilhali nchi yenyewe imejaa milima na mito. Swali hilo lina majibu zaidi ya moja.

Jibu la kwanza ni la maumbile. Chemchemi ya mbali kuliko zote za Mto Nile imo katika msitu wa Nyungwe, kwenye mto Rukarara, mahali palipo juu ya mita 2,400 kutoka usawa wa bahari. Mjerumani Richard Kandt, ambaye baadaye mwaka 1907 aliweka kituo cha Kigali, ndiye aliyeitaja Rukarara kuwa chanzo cha Nile baada ya safari yake ya mwaka 1898. Kutoka msituni humo hadi bonde la Nyabugogo, lenye mita zipatazo 1,350, maji huteremka zaidi ya mita 1,000. Yana nguvu, lakini bado ni machache na mawe ni mengi. Boti ya watu wanane ingekwama au kupasuka. Yakishafika Kigali yamekuwa mengi, lakini nguvu imekwisha: Nyabarongo hutambaa polepole kati ya mafunjo, umebeba udongo mwekundu wa mashamba ya milimani. Kwa mchezo huu mto unatakiwa uwe na maji mengi na mteremko mkali mahali pamoja, na sadfa hiyo si ya kila nchi.

Jibu la pili ni zito, na watu wa makamo hawahitaji kuelezwa. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, Nyabarongo na Akagera iligeuzwa njia ya kutupia watu. Miili ilipita Rusumo, ikaingia ziwani, ikaokotwa na wavuvi wa Uganda upande wa pili. Katika makaburi ya kumbukumbu ya Ggolo, Lambu na Kasensero, kando ya Ziwa Viktoria, wamezikwa zaidi ya watu 10,000 walioletwa na maji hayo. Kwa hiyo mzee wa Kigali anayekataa kabisa kuona watoto wakichezea mto si mwoga wala hajapitwa na wakati. Yafaa vijana wanaopanga safari ya Jinja wafahamu jambo hilo kabla ya kumtania baba au shangazi aliyekataa kufuatana nao, maana maji yanayofurahisha huko yamepita hapa kwanza.

Liko na jibu la tatu, la hatari ya kila mwaka. Mito ya milimani hupanda kwa saa chache tu mvua inapozidi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini yaliua zaidi ya watu 130. Hata hapo Nyabugogo penyewe, mvua kubwa za masika huweza kuijaza barabara maji. Kijana anayefunga mapipa matupu na kujitosa katika mto uliofurika hachezi mchezo unaozungumzwa hapa. Mto unaofaa ni ule uliopimwa, unaojulikana mawe yake, na wenye watu wa uokoaji waliokwisha kuwekwa mahali pao kabla boti haijaingia.

Hata hivyo Rwanda haikosi kabisa nafasi ya kujaribu. Mto Mukungwa, unaotoka Ziwa Ruhondo karibu na Musanze, hushukwa kwa mitumbwi midogo na wageni wanaotembea na viongozi. Hapo maji ni ya upole, mandhari ni ya vilima na mashamba, na mtu anayeondoka Nyabugogo alfajiri huweza kurudi nyumbani jioni ileile. Kwa mke asiyejua kuogelea, au kwa mume ambaye hajui lakini hataki kusema, siku moja ya Mukungwa ni shule nzuri. Huko Kenya nako kuna Sagana, ambako maji yanayotoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare hupita kwenye mawe na kutoa maporomoko ya kutosha kwa mwanafunzi na kwa mjuzi. Lakini kwa mtu wa Kigali ni mbali mno.

Turudi Jinja. Isidhaniwe kuwa siku moja ya mtoni ni likizo ya siku moja. Basi hutumia saa tisa, kumi au zaidi hadi Kampala, na toka Kampala hadi Jinja kuna kilomita 80 zenye msongamano mkubwa wa magari. Familia iweke siku tatu. Mpaka wa Gatuna, uliofungwa Februari 2019, ulifunguliwa tena tarehe 31 Januari 2022. Raia wa Rwanda huvuka kwa kitambulisho cha taifa, ila watoto wasio na kitambulisho wahakikishiwe hati zao mapema, na askari apate ruhusa ya kikosi chake kabla ya kununua tikiti. Saa nazo zirekebishwe: Uganda imetangulia Rwanda kwa saa moja, na boti haimngoji mtu aliyesahau. Na kwa kuwa huko magari hupita kushoto, mtoto afundishwe kutazama upande wa pili kabla ya kuvuka barabara.

Gharama ni jambo la kuzungumzwa mezani, si la kufichwa. Siku nzima ya maporomoko makubwa kwa mtu mmoja huweza kupita dola 100 za Marekani, na hapo hujahesabu nauli wala malazi. Kwa mshahara wa koplo mwenye watoto watatu, hizo ni karo. Nusu siku hugharimu kidogo, na safari ya maji matulivu kwa familia hugharimu kidogo zaidi. Wako waliounda kikundi cha kuwekeana akiba mwaka mzima, na hiyo ni njia ya busara kuliko kukopa kwa ajili ya starehe.

Asubuhi ya safari, kila mtu hupewa koti la kuelea na kofia ngumu. Koti likazwe hadi mtu aone limembana. Mwenzake alivute mabegani kwa nguvu, na likipanda hadi masikioni, halijakazwa. Viatu vya jeshi viachwe nyumbani, kwani hujaa maji vikawa jiwe. Raba nyepesi zilizofungwa zafaa. Miwani ifungwe kwa kamba. Pete ya ndoa iachwe kwa mtu mwaminifu. Akina mama waliovaa suruali fupi au nguo za kubana ndani ya fulana watapata raha kuliko waliofunga kanga, kwa sababu kitambaa kilicholegea hunasa.

Kisha yanafuata mafunzo, na hapa askari huwa na faida na hasara. Faida ni kwamba amezoea amri: mbele, nyuma, simama, inama. Boti hupona kwa sababu wote wanapiga kafi pamoja, na kafi iliyomo majini humshikilia mtu kuliko mikono iliyong'ang'ania kamba. Hasara ni kwamba anayetoa amri aghalabu ni kijana wa miaka ishirini na kitu, mzaliwa wa kingo za mto, na imeonekana vyeo havipendi kuamrishwa. Kijana huyo anayajua maji hayo tangu utotoni. Zamani vijana wa Bujagali walijirusha katika maporomoko wakiwa wamekumbatia madumu ya plastiki ili watalii wawape sarafu. Wengi wa kizazi kilichofuata wakawa viongozi wa boti, na wengine waendeshaji wa mitumbwi ya mtu mmoja inayotangulia mbele ili kuwaokota walioanguka.

Maana kuanguka kupo. Maporomoko hupangwa kwa daraja kuanzia la kwanza, ambalo ni mawimbi madogo, hadi la sita, ambalo haliingiwi na mtu mwenye akili timamu. Jinja yako ya daraja la tano. Maji yanapopita juu ya mwamba na kushuka kwa kasi, hujikunja na kurudi nyuma, yakafanya kama shimo linalozunguka. Boti ikiingia upande-upande, hupinduka. Aliyetupwa huona giza na mvumo, naye hudhani dakika imepita, kumbe ni sekunde chache. Abane pumzi, asipambane. Koti litamtoa. Akiibuka, alale chali, miguu mbele kuelekea yaendako maji, vidole vikionekana juu ya uso wa maji, ili mguu ndio ugonge mwamba badala ya kichwa. Kamwe asijaribu kusimama katika maji yaendayo kasi, hata kama yanafika gotini: mguu ukinaswa kati ya mawe, maji humlaza kifudifudi na hawezi kuinuka tena. Akijikuta chini ya boti iliyopinduka, apeleke mikono juu na kutembea kwa viganja upande mmoja hadi atoke. Kilichofanya Jinja iwe na heri ni kwamba mto ni mpana, wenye kina, na maji yake ni ya vuguvugu; anayeanguka aghalabu hukutana na maji tu, na chini ya poromoko hukuta bwawa tulivu ambako wenzake wanamngoja.

Huko Itanda liko poromoko ambalo boti hazishuki sehemu yake ya juu. Abiria hutoka na kutembea nchi kavu, boti ikabebwa mabegani, kisha wakaingia chini yake. Wapo wanaonung'unika kwamba wamelipa ili wapande, si ili wabebe. Waisikilize sauti ya maji hapo, watanyamaza.

Poromoko hilo ni miongoni mwa machache yaliyobaki. Bwawa la Owen Falls, lililozinduliwa mwaka 1954, liliyazamisha maporomoko ya Ripon ambayo Mwingereza Speke aliyaona Julai 1862. Bwawa la Bujagali, lenye uwezo wa megawati 250, lilizinduliwa mwaka 2012 na kuyafunika maporomoko ambayo Wabasoga waliamini ni makao ya mzimu wa Budhagali; hata matambiko ya kumhamisha yalifanywa. Mwaka 2019 likaja Isimba, megawati 183, likachukua sehemu nyingine chini zaidi. Wenye boti wamekuwa wakihamisha vituo vyao kila mara, na siku iliyokuwa na maporomoko kumi na zaidi imefupika. Ni vigumu kulaumu umeme katika ukanda ambao mama bado anapika kwa makaa. Rwanda yenyewe ilijenga bwawa la Nyabarongo la megawati 28 kwa sababu hiyohiyo, na Rusumo, megawati 80, inagawana na Burundi na Tanzania. Lakini kijana aliyejifunza kazi kwa kusoma mawimbi hawezi kuhamishiwa kwenye mtambo, na jambo hilo lilistahili kufikiriwa zaidi kuliko lilivyofikiriwa.

Wageni wenye boti hizi nao wamewahi kulipa gharama kubwa. Mwaka 2005, mabwana watatu wa Uingereza na New Zealand, mmoja wao akiwa mwanzilishi wa biashara hiyo Jinja, walianza kuupanda Mto Nile kwa boti ndogo za mpira kutoka Misri. Novemba mwaka huo kundi lao lilishambuliwa na waasi kaskazini mwa Uganda, na mwenzao Steve Willis akauawa. Walirudi mwaka uliofuata, wakaufuata mto Akagera na Nyabarongo, na mwisho wa Machi 2006, wakitembea kwa miguu, walifika kwenye chemchemi ya Rukarara. Wakatangaza kuwa urefu wa Nile unapita kilomita 6,700.

Mambo mawili yamebaki kwa wenye nyumba. Watoto wadogo wapelekwe safari ya maji matulivu, wala wazazi wasidanganye umri wao kwa tamaa ya kwenda pamoja. Koti la kuelea la mtu mzima humponyoka mtoto. La pili, maji ya ziwa na ya Nile yana kichocho. Mdudu wake hupenya kwenye ngozi bila mtu kuhisi, hasa kwenye majani ya ukingoni. Kila aliyeingia majini aende zahanati baada ya wiki sita hadi nane akapimwe, na amweleze mganga kwamba aliogelea Jinja, hata kama hana homa wala damu katika mkojo. Dawa yake, prazikwanteli, hutolewa kwa kipimo cha uzito wa mwili, kwa hiyo vidonge vya baba visigawiwe watoto.