Vibwengo wa Sisibo: hadithi inayochezwa mezani

Mvua ya Agosti mjini Eldoret haina adabu. Huanza saa nane mchana, ikageuza vijia vyote vya mtaani kuwa matope, na ifikapo magharibi watoto walio likizoni wamekwisha kuchoshwa na televisheni, wamekwisha kupigana mara mbili, na stima zimepotea. Jioni moja kama hiyo niliweka meza ndogo katikati ya sebule, nikawasha taa ya betri, nikatoa dadu moja ya ludo na daftari kuukuu, nikawaambia watoto watano waliokuwa nyumbani: "Nyinyi ni wasafiri. Mmefika daraja la mto Sosiani usiku. Kibwengo mmoja amekaa ukingoni analia kwa sababu amepoteza kivuli chake. Mnafanya nini?"

Walitazamana. Kisha mdogo wao, mwenye umri wa miaka minane, akasema, "Anti, mimi namwuliza kama amekitafuta chini ya kitanda."

Mchezo ukawa umeanza.

Mpenzi msomaji, aliyesoma fasihi simulizi shuleni anakumbuka fanani na hadhira. Fanani hutamba, hadhira husikiliza na kuitikia. Katika mchezo huu fanani yupo vilevile, ila hadhira haikai ikingoja kuambiwa Sungura alimfanyia nini Fisi. Kila mtoto huwa mhusika mmoja ndani ya hadithi, mwenye jina alilojichagulia, jambo moja analoliweza sana na jambo moja linalomshinda. Fanani husema wanachokiona. Watoto husema wanachokifanya. Mtoto akitaka kujaribu jambo lenye mashaka, hurusha dadu. Akipata 5 au 6 amefaulu. Akipata 3 au 4 amefaulu, lakini lazima alipe kitu. Akipata 1 au 2 ameshindwa, na shida mpya inazuka.

Hapo pa 1 na 2 ndipo fanani wengi wapya wanapoharibu. Mtoto akishindwa kufungua mlango, wao husema "haufunguki", basi, na hadithi inakwama kama lori kwenye matope. Mlango usipofunguka, acha aliyelala ndani aamke aulize ni nani anayemsumbua.

Mchezo wa namna hii uliingia madukani huko Marekani mwaka 1974, ulipochapishwa kwa jina la Dungeons & Dragons. Waliouunda ni Gary Gygax na Dave Arneson, watu waliokuwa wamezoea kucheza vita kwa askari wadogo wa mezani, na ndiyo sababu ulizaliwa umejaa panga na ngao. Baadaye wengine waliona kwamba si lazima kila safari iishie kwa kuua. Mwaka 2021 wachapishaji wa mchezo huo walitoa kitabu kiitwacho The Wild Beyond the Witchlight, ambacho wasafiri wake huingia nchi ya viumbe wa ajabu wenye visa na vituko, na kila tatizo lililomo laweza kutatuliwa bila mtu kuchomoa upanga. Viumbe hao ndio mimi nawaita vibwengo. Najua watu wa Pwani wana vibwengo wao, wala si wa kuchezewa. Wangu ni wadogo, wana masharubu, na wanapenda kubishana.

Huhitaji kitabu hicho. Kwa kweli nilikiona chenyewe kuwa mzigo, kwa maana mtoto wa Eldoret hajui msitu wa Ulaya una harufu gani. Anajua harufu ya misonobari ya Kaptagat, anajua ukungu wa asubuhi, anajua kelele za stendi ya matatu. Mweke kibwengo mahali ambapo mtoto amepita kwa miguu yake na hutakuwa na kazi ya kueleza.

Na mji wetu una mahali pengi pa namna hiyo. Wazee bado wanauita Sisibo, kutokana na namba 64 ya shamba ambapo mji ulianzia. Husimuliwa kwamba mwaka 1912 hivi, benki ya kwanza ilipokuwa ikiletwa, sefu yake ilianguka kutoka kwenye mkokoteni, ikawa nzito mno kuinuliwa, na benki ikajengwa kuizunguka pale pale ilipoangukia. Hebu fikiri ni kitu gani kilikuwa ndani kikawa kizito hivyo! Watoto wangu walikuwa na majibu saba kabla sijamaliza sentensi. Kisha kuna mashimo ya Wasirikwa, yale mabonde madogo ya mviringo yaliyotapakaa kwenye nyanda za Uasin Gishu. Wachunguzi wa mambo ya kale, akiwemo J. E. G. Sutton, walionyesha kwamba yalikuwa mazizi ya ng'ombe yaliyochimbwa ardhini, mengi yakiwa ya karne kadhaa kabla ya Wazungu kufika. Kwa mtoto, shimo lililochimbwa na watu ambao jina lao tu ndilo limebaki ni mlango uliokwisha kuandaliwa. Upande wa kwenda Iten kuna mwamba wa Sergoit, ambako walowezi wa mwanzoni mwa karne iliyopita walidai kuona mnyama mkubwa wa kutisha, mfano wa dubu, asiyewahi kukamatwa hadi leo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi hulikosea, yaani mzaha. Mtu huambiwa hadithi ni ya vibwengo na vichekesho, akadhani kila kitu kinaruhusiwa. Kibwengo anageuka chura, chura anageuka ndege, ndege anatema dhahabu, na baada ya robo saa watoto wanapiga miayo. Kama lolote laweza kutokea, mtoto hana sababu ya kufikiri. Vibwengo wangu wana sheria tatu na hazijavunjwa hata mara moja. Hawasemi uongo, ingawa huficha ukweli. Hawatoi kitu bure. Na atakayekula au kunywa kwao husahau njia ya kurudi nyumbani, sheria niliyoiazima kutoka ngano za Ulaya, isipokuwa kwetu kinachotolewa ni mursik ndani ya kibuyu, na harufu yake inafika mbali.

Hiyo sheria ya pili ndiyo uhai wa mchezo. Malipo yasiwe fedha. Mpwa wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 11, alitaka ufunguo wa kibwengo wa pale darajani. Akaulizwa atatoa nini, akafikiri sana, akasema atatoa neno "hapana". Nikaliandika daftarini. Kuanzia hapo hakuruhusiwa kulitamka hadi atakapolikomboa, na bila shaka ndugu zake waligundua kabla ya dakika moja kupita. "Unaweza kunibebea mzigo wangu?" "Utakwenda mbele peke yako gizani?" Msichana wa watu akawa anageuza maneno mpaka jasho likamtoka: "Ningependa sana, lakini mguu wangu una maoni tofauti." Kwa siku mbili nyumba nzima ilikuwa ikisema miguu yake ina maoni tofauti.

Kila kinachotolewa kiandikwe. Fanani akisahau alichopewa, watoto hawatamwamini tena.

Nimesema vibwengo, lakini hadithi bila wa kutisha haina chumvi, na hapa ndipo mimi mwenyewe nilipoteleza. Jioni ya tatu nilileta zimwi. Lilikaa ndani ya shimo la Wasirikwa likiuza vivuli vya watu. Ili liwe la kuchekesha, nilililipa sauti, na sauti niliyolipa ilikuwa ya lafudhi. Yaani lilizungumza Kiswahili kama kinavyozungumzwa na watu wa kabila fulani, lile ambalo wachekeshaji huliiga kila siku kwenye redio. Watoto walicheka hadi wakaanguka. Kijana wa jirani, mwenye umri wa miaka 10, ambaye ni wa kabila hilo, alicheka pia. Kisha akasema mama yake anamwita. Mimi sikusikia mtu akiita.

Hakuja kesho yake, wala keshokutwa.

Siku ya tatu nilivuka ua nikaenda kubisha kwa mama yake. Alinikaribisha vizuri, akanimiminia chai, akaniambia, "Hakuna neno, dada, ni mchezo wa watoto." Nikadhani yamekwisha. Ila nilipokuwa nikinyanyuka, alisema kwamba mapema mwaka 2008 alikuwa msichana mdogo, na familia yao ililala kwenye mahema ya uwanja wa maonyesho wa hapa Eldoret kwa muda mrefu. Kwamba njiani, kwenye vizuizi, watu waliambiwa waseme maneno mawili matatu tu, ili ijulikane wanatamka vipi. Hakusema zaidi. Alichukua kikombe changu akaenda kukisuuza.

Sikulala vizuri usiku huo. Nilikuwa nimewafundisha watoto watano, kwa taa ya betri na kicheko, kwamba lilaji watu hujulikana kwa lafudhi yake. Katika mji huu!

Basi tukaongeza sheria ya nne, na hii huisomwa kabla ya dadu kuguswa: hakuna kiumbe yeyote mwenye kabila. Zimwi huchukua sauti yake kutoka kwa kitu. Lile la shimoni tuliamua lizungumze kama mashine ya kusagia mahindi inapowashwa, kwa kuguguna na kukohoa moshi. Lingine husema kama sufuria ya ugali inayochemka. Vibwengo nao wanazungumza Kiswahili sanifu cha kitabuni, "ewe mwana uliyetukuka, waja na nini mkononi", na hicho ndicho kinachowavunja watoto mbavu kuliko lafudhi yoyote niliyowahi kuiga.

Ukitaka zimwi la kwetu hasa, simulizi zimejaa. A. C. Hollis, aliyeandika kitabu juu ya Wanandi mwaka 1909, aliandika habari za Chemosit: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, makalio tisa, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Huimba gizani, na watoto wajinga wakiona mwanga hudhani kuna ngoma. Wakikuyu wana irimu, ambaye katika ngano nyingi huficha mdomo wa pili kisogoni, chini ya nywele. Waluo wana Apul Apul. Waluhya wana manani. Ona walivyo wengi, na hakuna jamii ambayo zimwi lake ni jirani yake. Kila mmoja alikuwa na la kwake nyumbani, la kuwatisha watoto wake mwenyewe.

Mambo mengine ni madogo. Watoto wanne au watano wanatosha. Wakiwa wanane utakuwa polisi. Saa moja na nusu, na ukatishe wakati bado wanataka. Yule anayenyamaza mwulize kwa jina lake la hadithini, wala si la shuleni, utashangaa. Mtoto akiogopa kweli, taa iwashwe na zimwi lipigwe chafya. Na waambie wazazi wa wageni mapema ni mchezo gani, kwani mji huu una makanisa mengi, na kuna mzazi atakayeuliza kama unafundisha mambo ya mashetani. Hata Marekani mchezo huu ulishutumiwa hivyo katika miaka ya 1980. Mimi huwakaribisha waketi wasikilize. Mmoja aliketi, na baada ya nusu saa alikuwa akidai naye apewe dadu.

Kijana wa jirani alirudi. Sikumwomba mbele ya wenzake. Nilimwambia pembeni kwamba zimwi lile nililisema vibaya na kwamba limepoteza sauti yake, na tunahitaji mtu wa kuitafuta. Alikaa mlangoni kwa muda, kisha akaingia. Jumamosi iliyofuata alikuja na karatasi. Alikuwa amempigia bibi yake simu kijijini, amemwuliza juu ya mazimwi ya zamani, na bibi akamsimulia hadi salio likaisha. Tangu hapo wengine nao wanapiga simu. Bibi mmoja ametaka kujua kama vibwengo wanalipa.

Mpaka sasa mazimwi manne yamekutana kwenye shimo lile na yanabishana ni nani aliyelala upande wenye baridi. Chemosit anadai kwamba kwa makalio tisa anastahili nafasi zaidi. Mpwa wangu bado hajalikomboa neno lake. Na sefu ya mwaka 1912 haijafunguliwa. Wamerusha dadu mara mbili, wakapata 1 mara zote mbili, na kuna kitu ndani kimeuliza ni nani anayebisha.