Wanyama Wageni wa Rubondo na Nyama Inayouzwa Mwaloni

Mara kwa mara tunaulizwa na wakazi wa Mwanza, Geita na Chato: ikiwa tembo wa Kisiwa cha Rubondo wanaongezeka na kuharibu msitu, na ikiwa hata asili yao si kisiwani, kwa nini wasivunwe na nyama yao ikauzwa kwa wananchi? Swali hili ni la haki, na linastahili jibu kamili.

Wenyeji halisi wa Rubondo ni nzohe, pongo, kiboko, mamba, fisi maji na tumbili. Wengine waliletwa na binadamu. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Profesa Bernhard Grzimek na Shirika la Wanyama la Frankfurt walileta sokwe 17, wengi wao wakitoka katika bustani za wanyama za Ulaya, wakawaachia huru msituni. Vifaru weusi, twiga, mbega na korongo nao walivushwa ziwa katika miaka hiyo, na tembo wachache wakafuata mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nia ilikuwa kuwapatia hifadhi salama isiyofikiwa kwa urahisi na majangili. Mwaka 1977 kisiwa kikatangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa.

Matokeo hayakufanana. Vifaru walimalizwa na ujangili, kwani maji peke yake si ukuta. Korongo nao walitoweka. Sokwe wamezaliana na kujifunza kuishi porini bila mwalimu, jambo ambalo hata sisi hatuachi kulistaajabia. Tembo nao wamestawi, na hapo ndipo mjadala ulipo: hubandua magamba ya miti na kuvunja miche, katika kisiwa ambacho sehemu yake kubwa ni msitu. Msitu huo hushika udongo usisombwe na mvua hadi ziwani, na maji yanayouzunguka ni mazalia ya samaki. Mvuvi wa Nkome au Muganza anayelalamikia tembo hatetei miti tu. Anatetea pia mtego wake wa kesho.

Wapo wanaosema mgeni aondolewe. Wengine hujibu kwamba sokwe na twiga ndio wanaoleta watalii. Kwa maoni yetu, pande zote mbili zina hoja, nasi wa kanda hii tunajua gharama ya kuleta kiumbe kigeni: sangara aliyepandikizwa ziwani katika miaka ya 1950 ametupatia viwanda vya minofu, lakini aina nyingi za furu zimepotea.

Hata hivyo, mjadala huo haumpi mtumiaji ruhusa ya kununua. Ndani ya Hifadhi ya Taifa hakuna uwindaji, wala wa kitoweo wala wa kitalii. Kwa hiyo mtu anayekunong'oneza mwaloni kwamba ana nyama "ya kisiwani", iwe ya Rubondo au ya Saanane, anakuuzia mali ya wizi. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 huihesabu nyama hiyo kuwa nyara ya Serikali, na anayekutwa nayo bila kibali hushitakiwa, awe muuzaji au mnunuzi. Aidha, nyama hiyo haikupita kwa mkaguzi. Ugonjwa kama kimeta hauonekani kwa macho kwenye mnofu uliokwisha kukaushwa.

Nyamapori halali ipo. Tangu kanuni za mwaka 2020, mabucha ya nyamapori yanaruhusiwa kwa leseni ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kabla ya kulipa, omba kuiona leseni hiyo, uliza nyama imetoka wapi na imekaguliwa na nani, kisha dai risiti na uitunze hadi nyama iishe nyumbani. Muuzaji akikasirika kwa maswali hayo, usinunue.