Mafuta ya tumboni humla mfugaji faida

MFUGAJI anayechinja kuku wa nyama na kukuta bonge la mafuta ya manjano karibu na firigisi aghalabu hufurahi, akidhani ndege huyo alilishwa vyema. Bonge hilo ni chakula alichokinunua kwa fedha zake, na mara nyingi huishia kutupwa pamoja na matumbo.

Kifaranga huanguliwa akiwa na mafuta kidogo mno, mbali na mabaki ya kiini cha yai anayoyatumia katika siku chache za kwanza. Punde seli za kuhifadhi mafuta huongezeka kwa idadi chini ya ngozi na tumboni. Wiki zinavyosonga, kila seli hujaa na kutanuka. Ndiyo maana kuku wa wiki tatu huwa mkavu ilhali mwenzake wa wiki nane amejaa mafuta.

Ajabu ni kwamba mafuta hayo hayatengenezwi pale yanapoonekana. Tofauti na nguruwe, mwili wa kuku huiachia ini sehemu kubwa ya kazi hiyo. Ini hugeuza wanga uliozidi mahitaji, hasa wa mahindi, kuwa mafuta, kisha damu huyasafirisha hadi kwenye hifadhi.

Hapo ndipo ujanja wa kuongeza mahindi yaliyosagwa ili gunia la chakula lidumu humgeuka mwenyewe. Chakula cha vifaranga huhitaji protini ya takriban asilimia 22, na mahindi hayafikishi hata nusu ya kiwango hicho. Kuku hukosa cha kujengea misuli, na nguvu zinazosalia huwekwa akiba tumboni.

Kuku wa kilo mbili anaweza kuwa na gramu 40 hadi 60 za mafuta ya tumboni. Kwa kundi la kuku 500, hizo ni kilo 20 au zaidi.

Mnunuzi naye akichelewa, hasara huzidi. Gramu moja ya mafuta hubeba kalori tisa, ilhali gramu ya nyama isiyo na mafuta haifikishi mbili, kwa kuwa karibu robo tatu yake ni maji. Kila siku ya kungoja baada ya wiki ya sita, sehemu kubwa zaidi ya chakula huishia kwenye mafuta.

Majike hunenepa upesi kuliko majogoo, hivyo soko likiwa dogo, heri wauzwe wao kwanza.