Maafa, Vyuo Vikuu na Mtaro wa Mtaani

Katika taaluma ya maafa, neno tishio hutumika kwa tukio lenyewe, kama vile mvua kubwa, ukame au tetemeko la ardhi, ilhali maafa ni hasara inayotokea pale tishio hilo linapowakuta watu waliojenga bondeni, wasio na akiba wala taarifa. Ndiyo maana mvua ileile inayopita salama Masaki, mtaa wa kitajiri wa Dar es Salaam, inaweza kuingia vyumbani Tandale, mtaa wa kimaskini wa jiji hilohilo. Mtambo wa hali ya hewa hupima mvua, lakini hauwezi kupima unyonge wa mkazi, na hapo ndipo vyuo vikuu vilipopata kazi.

Barani Afrika kazi hiyo imeunganishwa na Periperi U, mtandao ulioanza mwaka 2006 na baadaye kuratibiwa kutoka Chuo Kikuu cha Stellenbosch, Afrika Kusini, ambao wanachama wake wamekuwa pamoja na Chuo Kikuu cha Ardhi cha Tanzania, Makerere cha Uganda, Bahir Dar cha Ethiopia na Antananarivo cha Madagaska. Busara ya mpango huo ni kukubali kwamba nchi ipigwayo na vimbunga na nchi iliyozoea ukame haziwezi kusomeshwa kwa kitabu kimoja, ingawa zinaweza kukopeshana mbinu.

Dar es Salaam, mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40. Ili kupunguza hasara za aina hiyo, mwaka 2015 ulianza mradi wa Ramani Huria, ambamo wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakisaidiwa na wakazi, Msalaba Mwekundu, Benki ya Dunia na wataalamu wa ramani kutoka nje, walipita mitaa iliyojengwa bila mpango wakichora nyumba na vichochoro. Mitaroni walipima upana na kina, wakaandika kama kuta ni za zege au za udongo na kama taka zimeziba njia. Kuhusu kimo cha mafuriko, mwenye nyumba hana haja ya chombo, kwani huweka kiganja ukutani palipobaki alama ya tope. Takwimu za aina hiyo huweza kuingizwa katika InaSAFE, programu iliyozaliwa kwa ushirikiano wa Indonesia na Australia, ambayo hukadiria ni majengo na watu wangapi watakaofikiwa na maji.

Ugumu uko kwenye muda. Fedha za wafadhili huja kwa miaka michache, na Periperi U yenyewe ilitegemea sana msaada wa Marekani, lakini mtaro uliopimwa mwaka jana unaweza kujaa mchanga kabla ya masika, na ramani inayouonyesha ukiwa wazi hupotosha zaidi kuliko kukosa ramani kabisa. Kazi ya kuupima upya ingefaa iandikwe katika bajeti ya halmashauri, kando ya gharama za kuzoa taka.